Sakafu Niliyoiosha kwa Mkonge

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Leo nimetangaza vita dhidi ya polishi ya mkebe. Ushindi ni lazima.

Chanzo: Dinah, mke wangu, ameomba mkebe mkubwa wa polishi nyekundu kwa ajili ya sebule. Jumamosi tunapokea wageni, na si wageni wa chai tu. Ni wazazi wa Kitheka, mwalimu anayefundisha pamoja na binti yetu Wakesho kule Wundanyi. Wanatoka Maungu kuja kumposa rasmi. Nimemuuliza Dinah posa na polishi vina uhusiano gani. Akasema nisijifanye mgeni wa mji. Mama yake Kitheka, huyo Mbithe, ameshakataa wasichana wawili. Kwa wa kwanza aliinua mkeka, akaona vumbi. Kwa wa pili alipitisha kidole chini ya kabati. Hakungoja hata chakula, aliaga akaenda zake. Kwa hiyo, asema Dinah, ndoa ya mtoto wetu iko pale chini, kwenye saruji.

Vizuri. Nakubali. Ndiyo sababu siwezi kuikabidhi kwa Phineas!

Phineas ni jirani yangu, mwenye duka karibu na stesheni ya Voi, ninakofanya kazi ya ukarani, na pia mzee wa kanisa, kwa bahati mbaya ya kanisa. Anauza polishi ya ng'ambo. Mkebe una picha ya mwanamke Mzungu anayeichekea sakafu. Karibu miaka kumi na sita ya Uhuru, na bado tunapiga magoti kupaka nta ya watu! Nilimwambia Dinah maneno haya nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua mchele.

Nimemwahidi sakafu itakayong'aa kwa vitu vya shambani mwetu wenyewe. Wakesho, ambaye yuko nyumbani kwa likizo, alisema taratibu, 'Baba, tafadhali, isiwe wiki hii.' Nikamweleza kwamba mapinduzi hayaahirishwi kwa sababu kuna wageni.

Kisha nikaenda hadi dukani kwa Phineas nikamtangazia hapo hapo, mbele ya wateja, kwamba biashara yake imekwisha. Akaniuliza kama nataka kiberiti.


Jumanne, 7 Agosti

Jaribio la kwanza. Limefaulu kwa namna yake.

Nina kitabu cha kemia nilichokiokoa siku misheni walipokuwa wakichoma vitabu vilivyoliwa na mchwa. Nusu yake ni nzima kabisa. Kinasema majivu hula mafuta. Kinasema pia asidi hula madoa. Watu wa kawaida wangesoma hayo mambo mawili na kuyaacha hivyo hivyo. Mimi nikajiuliza: kwa nini yasitumike pamoja?

Nikachoma maganda ya ndizi, nikaloweka majivu usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa cha kiti. (Dinah ametambua kitambaa.) Nikamimina juisi ya ndimu. Povu! Lilifura, likavuma, likamwagika nje ya ndoo kama bunge zima linazungumza kwa pamoja. Nilimwita Phineas juu ya ua aje ashuhudie mwisho wake. Alitazama mpaka povu likaisha. Halafu akauliza, 'Na sasa, Bwana Karani, linasafisha wakati gani?'

Mtu wa dukani hana subira ya sayansi.

Nilipiga deki sebule nzima. Matokeo: imelowa. Ilipokauka ilikuwa vile vile, labda na ukungu kidogo. Wakesho, anayefundisha sayansi darasa la saba, alisema majivu na ndimu vimemalizana vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya ndoo, na kwamba nilichopaka ni kitu kama maji ya chumvi. Nilimpongeza. Amethibitisha vizuri maoni yangu. Ni wazi kwamba hivi viwili vinazuiana. Kesho nitayaachilia majivu peke yake, bila breki.


Jumatano, 8 Agosti

Majivu yana nguvu. Hilo limethibitishwa na halina ubishi tena.

Dinah alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Wakesho alikwenda sokoni. Nafasi nzuri. Nilimwaga maji ya majivu mazito, yanayoteleza vidoleni kama samaki, nikasugua kwa brashi ya farasi niliyopewa siku stesheni ilipofunga zizi. Polishi ya miaka kumi na miwili ilianza kutoka. Ilitoka kama ngozi ya nyoka! Nilifurahi. Nilisugua kwa hasira ya haki, kila tabaka nikikumbuka kuwa ni mkebe mmoja uliomtajirisha Phineas.

Tatizo dogo ni kwamba rangi nyekundu nayo ilitoka. Si yote. Ingetoka yote ningesema ni mtindo. Imetoka hapa, ikabaki pale. Sasa sebule ina mabara. Karibu na dirisha kuna kitu kinachofanana kabisa na Afrika, bila Madagaska. Chini ya redio pameachwa saruji tupu.

Dinah aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mlangoni. Kisha akakaa kwenye kizingiti na mkoba wake mapajani, akitazama. Nikamwonyesha Afrika. Akasema, kwa sauti ya chini sana, 'Baba Wakesho, huyu mtoto umemzaa wewe kweli?'

Swali la ajabu. Amerithi paji langu la uso.


Alhamisi, 9 Agosti

Siku ya wapinzani.

Asubuhi Dinah alikwenda mwenyewe kwa Phineas akarudi na polishi ya mkebe. Sikumzuia. Mtu aliye upande wa ukweli hana haja ya kuzuia. Alipaka, akasugua, akapaka tena, yeye na Wakesho, magoti chini, tangu chai mpaka saa sita. Na polishi ikashindwa! Palipokuwa pekundu pakawa pekundu zaidi. Palipokuwa na saruji tupu pakawa na rangi ya maini yaliyolala. Mabara yakaonekana vizuri kuliko jana. Nilisema jambo kuhusu bidhaa za ng'ambo. Wakesho alinitupia tambara. Nilichukulia kwamba limemponyoka.

Jioni dada yangu Tryphena akashuka kutoka Mwanda na ndizi, viazi na ulimi wake. Yeye ndiye shangazi, kwa hiyo Jumamosi ndiye atakayesema kwa niaba yetu, mimi baba nikae kimya kwa heshima. Desturi hii ina kasoro nyingi, na nimeanza kuliandikia gazeti kuihusu. Tryphena aliingia, akatazama sakafu, akauliza ni ng'ombe gani mwenye ugonjwa wa ngozi amechunwa humu. Akasema tangu utoto nilikuwa hivi. Niliwahi kumnyoa beberu wa baba ili apate hewa, akafa kwa baridi ya Mwanda. Nilimjibu kwamba beberu yule alikuwa na udhaifu wa moyo.

Wakati wanawake wakiomboleza jikoni, mimi nilisoma. Nikapata! Kitabu kinasema kuna mimea ambayo utomvu wake hutoa povu kama sabuni, na kwanza kabisa kinataja mkonge. Mkonge! Ua wangu wote wa nyuma ni mkonge! Kinaendelea kusema, 'Hata hivyo, mtumiaji hana budi,' halafu ukurasa umeliwa na mchwa. Haidhuru. Nimemalizia sentensi hiyo kwa akili: mtumiaji hana budi kufurahi.

Na rangi? Nchi hii yetu ya Voi ina udongo mwekundu hata tembo wa Tsavo wanatembea wakiwa wamepakwa bure. Udongo kwa rangi, mkonge kwa povu na mng'aro. Fomula imekamilika.

Nilipowaeleza, Dinah na Tryphena walisema kwa pamoja, kama kwaya: mkonge unawasha. Tryphena akaongeza kuwa hata mbuzi wanauogopa. Niliwapa jibu ambalo bado nalipenda: kinachowasha ngozi ndicho kinachoua vijidudu. Kisha nikauliza tangu lini mbuzi wakawa wataalamu wa sakafu.

Dinah akasema Jumamosi ikiharibika atapanda Mwanda na Tryphena na hatashuka mpaka mimi na kitabu changu tuoane. Wakesho alikuwa amekaa nyuma ya nyumba peke yake. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Akasema, 'Baba, mimi nampenda Kitheka.' Nikamwambia basi atampata juu ya sakafu bora kuliko zote katika wilaya hii.


Ijumaa, 10 Agosti

Andika tarehe hii kwa wino mzito!

Nilipata ruhusa kazini. (Niliwaambia ni msiba. Polishi imekufa.) Nilikata majani ya mkonge, nikayaponda kwa nyundo juu ya jiwe, nikakamua kwenye karai. Nilivaa glavu za fundi wa injini kwa ajili ya miiba, na gambuti kwa ajili ya matope. Nikachekecha udongo mpaka ukawa laini kama unga wa mtoto, nikakoroga. Likatoka povu jekundu zuri ajabu. Nilipaka kwa fagio, safu juu ya safu, nikirudi kinyumenyume mpaka nje ya mlango.

Ilipokauka nilimwita Dinah dirishani. Alitazama muda mrefu. Afrika imekwenda! Mabara yote yameungana. Sakafu nyekundu, sawasawa, yenye kung'aa kama ganda la ndizi mbichi. Dinah alisema, 'Inang'aa.' Neno moja tu! Lakini mimi nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, najua kwamba hiyo ni hotuba. Hata Tryphena alibaki akitafuna tu.

Dinah alitaka kuingia kwa miguu aipime. Nikakataa katakata. Hakuna kukanyaga mpaka wageni wafike, tutapita mlango wa jikoni. Tena wageni watavua viatu mlangoni, kama inavyofanyika katika nyumba yoyote yenye sakafu ya heshima. Tena mikeka nimeiondoa yote na kuifungia stoo. Anayetaka kuinua mkeka kesho hatapata mkeka wa kuinua!

Dinah akasema ni mara ya kwanza wiki hii nimesema jambo la maana. Niliwashwawashwa kidogo shingoni nilipokuwa nikivua glavu. Viroboto wa mbwa wa Phineas. Nitamwandikia.


Jumamosi, 11 Agosti

Nimeandika polepole kwa sababu ya vidole.

Walifika saa nne, watu tisa, wamependeza. Mzee Nzomo, baba yake Kitheka, mrefu na wa taratibu, suti ya kijivu. Mbithe mwenyewe mdogo wa umbo, gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, macho kama ya mkaguzi wa tiketi. Kitheka nyuma yao akitokwa jasho. Nikawaomba wavue viatu. Mbithe alichungulia ndani, akatazama sakafu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akavua viatu, akavua na soksi! Dinah alinishika mkono. Hajanishika mkono tangu mwaka sabini na tano.

Wakaingia. Viti vilikuwa vichache, vijana na akina mama wakakaa chini. Mbithe naye akakataa kiti, akasema sakafu kama hii ni dhambi kuikalia juu juu. Nilitaka kupiga makofi. Kisha Mzee Nzomo akasema tuanze na Mungu, na wote tukapiga magoti.

Mzee Nzomo anaomba vizuri. Anaomba pia kwa muda mrefu. Aliombea mvua ya Maungu. Aliombea reli na wanaosafiri kwa reli. Aliombea walimu wote wa wilaya. Alipofika kwa walimu, goti langu la kushoto lilianza kuwa na maoni. Nikalipuuza. Alipoingia kwa wagonjwa, nyayo zangu nazo zikajiunga na mjadala. Nikafungua jicho moja. Shangazi wa Kitheka alikuwa anasugua muundi wa mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine. Kijana mmoja alikuwa ameacha kupiga magoti, amesimama kwa vidole kama kuku juani. Mmoja akasema 'Amina' kabla ya wakati. Mwingine akasema 'Amina' kwa nguvu zaidi. Wakaanza kusema 'Amina' wote, kila mmoja akimsihi Mzee afike mwisho, na Mzee, maskini, akadhani ni upako, akaendelea!

Aliyeimaliza sala ni Mbithe. Alisema, 'Aiya! Mzee, nyamaza, naungua!' Akainuka.

Kisha tukamwona. Kuanzia magotini gauni lake jeupe lilikuwa jekundu. Miguu myekundu. Viganja vyekundu, na kwa kuwa alikuwa amejikuna, shavu moja jekundu. Wote walikuwa hivyo. Ilikuwa kana kwamba kundi la tembo limepita mtoni na kuja kuposa. Mzee Nzomo alinusa kiganja chake, akasema huu ni mkonge. Wote wakasema mkonge! Kila mtu alijua! Nchi nzima ina habari za kijuujuu kuhusu mkonge.

Basi ikawa karai, ndoo, sufuria, watu wanaoshwa miguu uani kama mkutano wa ubatizo. Maji peke yake yalizidisha mwasho. Phineas, ambaye alikuwa akitazama juu ya ua tangu 'Amina' ya kwanza, alileta sabuni ya mche bila kuitwa. Alikata vipande akagawa bure, akitabasamu kwa kila mtu. Unyonyaji una sura nyingi.

Wakakaa tena, nje. Wakesho alisimama karibu na mlango wa jikoni, uso umekauka. Kitheka alimtazama, akatazama chini. Mbithe alijifuta shavu, akauliza swali moja tu. Aliuliza ni nani aliyeosha sakafu ile.

Dinah alifumba macho. Tryphena, msemaji wetu, mwenye ulimi mrefu kutoka Mwanda mpaka hapa, aliumeza wote. Mbithe akamtazama Wakesho, akaanza kuokota mkoba wake.

Nikasimama! Nilijua niko kimya kwa desturi, lakini kazi yangu isingepewa mtu mwingine. Nilisema ni mimi. Mimi, Gibson Mwandawiro, kwa mikono yangu, bila msaada wa mtu yeyote! Kwamba binti yangu aliomba nisifanye. Kwamba mke wangu alipinga. Kwamba wote walisimama upande wa ujinga nami nikasonga mbele peke yangu. Nikaeleza juu ya majivu, ndimu, mkonge, na mwanamke Mzungu kwenye mkebe. Sikujikuna hata mara moja, kwa sababu ya msimamo, ingawa nyayo zilikuwa zinaniomba kwa jina.

Mbithe aliweka mkoba chini. Akauliza, kana kwamba hakusikia, 'Wewe baba? Ndiwe uliyeshika fagio ukaosha nyumba?' Nikasema mara tatu wiki hii. Akamgeukia mumewe. Akasema, 'Mzee Nzomo, umesikia?' Mzee Nzomo akajikuna mguu. Kisha yule mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alisema tangu azaliwe hajaona mwanamume wa kuosha sakafu ya mkewe, na amemwona wa kwanza akiwa ameiosha kwa upupu. Akamwita Wakesho akae karibu naye. Akasema msichana aliyemwonya baba yake ana akili, na aliyemvumilia ana moyo, na Kitheka hatapata wa kumshinda. Halafu akamwonya Kitheka kwamba katika nyumba yake atashika fagio, lakini atapewa maji na sabuni tu.

Dinah alilia. Wakesho alilia. Tryphena alikula.

Lilibaki jambo dogo. Mzee Nzomo alisema kwao mgeni akiumia ndani ya nyumba aliyoalikwa, mwenye nyumba hutoa mbuzi. Nilisema hapana, baba wa binti hupokea mbuzi, hatoi. Tryphena akaurudisha ulimi wake palepale, akakubali faini kwa niaba yangu, akachagua na mbuzi mwenyewe. Beberu wangu mweupe. Nadhani alikuwa anafikiria yule mwingine.


Jumatatu, 13 Agosti

Nimetulia. Nyayo zimepona. Nimepata nafasi ya kupima mambo bila upendeleo.

Kwanza, posa imefaulu. Wakesho ameimba asubuhi yote. Nani aliifanya ifaulu? Polishi? Kama sakafu ingepakwa polishi, Mbithe angetazama, angenyamaza, angekwenda zake. Hakuna mtu aliyewahi kucheka mpaka kitambaa kumtoka kwa sababu ya polishi. Ni mkonge uliofanya kazi.

Pili, nimegundua kosa, na si la mkonge. Ni udongo! Udongo wa Voi ni mkali. Nimeuona ukibadilisha rangi za kuta, nguo, hata treni. Ndio unaowasha. Nitatumia udongo wa Maungu. Nimemweleza Dinah. Alikwenda nyuma ya nyumba akachukua jembe, akang'oa ua wote wa mkonge, mmoja mmoja, mpaka magharibi. Amechoka sana. Nimemhurumia. Kutoka hapa mpaka Mwatate mkonge hauna mwisho.

Phineas anauza polishi kama njugu. Mtaa mzima umeingiwa na hofu. Nimemwinulia biashara, na shukrani yake ni kuniita Bwana Upupu mbele ya watoto.

Tatu, harusi ni Desemba, kanisani kwetu. Nimeipima kwa hatua sakafu ya kanisa. Saruji tupu! Kubwa mara kadhaa kuliko sebule! Na siku hiyo Maungu, Mwanda na Voi yote watakuwa pale, wamevaa nyeupe, na kwa pamoja watapiga magoti. Sayansi haijawahi kupata mkutano kama huo. Jana baada ya ibada nilimweleza mchungaji mpango wangu. Alisema, 'Hapana, ndugu Gibson.' Akasema tena kabla sijauliza. Phineas akaunga mkono, akataka iandikwe.

Iandikwe. Lakini katibu wa kamati ya majengo ni mimi, na ufunguo wa kanisa hukaa kwangu. Dinah ameutafuta tangu aweke jembe chini, kwenye kabati, chini ya godoro, ndani ya redio.

Hajawaza kutazama ndani ya gambuti.